Aliyekuwa Mbele ya Lerionka

Jumanne, 8 Julai

Chuo kimetupa daftari la kuandika kila siku tumejifunza nini. Hilo atalisoma Mwalimu Angel, msimamizi wangu, kwa hiyo nitaliandika kwa adabu. Hili ni langu.

Nimeripoti kwa mafunzo ya vitendo, ofisi iko Elerai, hapa Arusha. Ofisi yenyewe ni nyumba ya kupanga. Mahema yamelazwa sebuleni, makreti ya maji yamejaa hadi bafuni. Bosi anaitwa Nelson. Hajafika arobaini, ananukia vizuri, na analitaja jina lako kila mara kana kwamba amelinunua. "Salha, karibu. Hapa utajifunza kazi yote ya kuandaa mbio, Salha."

Msimu una mbio tatu kwenye miteremko ya Meru: Julai, Agosti na Septemba. Kinachowavuta watu ni kwamba njia ni siri. Wanariadha wanafika asubuhi hawajui watapita wapi, wanafuata vibao vya mishale tu. Anayeijua njia ni Nelson, na Mzee Fanuel anayeipanga na kusimika vibao. Wengine wote, hata sisi wafanyakazi, kila mtu anajua kituo chake basi.

Nikamwuliza Nelson kwa nini. Akacheka. "Siri ya wawili ni siri, Salha. Ya watatu ni tangazo."

Sikupenda alivyocheka.

Alhamisi, 10 Julai

Nimehesabu chupa za maji kutwa. Baridi kali. Mlima sijauona tangu nirudi nyumbani.

Jumatatu, 14 Julai

Kikao cha wanariadha. Bingwa wa mwaka jana, Bariki, alisimama kabla hata sala ya kufungua haijaisha vizuri. Ni mkulima wa kahawa wa huko huko mlimani, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri, ana sauti ya kujaza chumba. Akauliza, mbele ya wafadhili, mwaka huu gari la wagonjwa litakuwepo au tutakimbia tena kwa kudra za Mungu?

"Tunalifanyia kazi," Nelson akajibu.

"Mwaka jana mlilifanyia kazi pia."

Watu wakacheka. Nelson naye akacheka, lakini shingo ilimwiva. Watu wa aina ya Bariki nawajua, tunao wawili darasani. Wanapenda kusikika.

Baadaye nikiwa nakunja viti nilimsikia Nelson akimwambia Mzee Fanuel mlangoni, "Anayeshinda ndiye anayeshika kipaza sauti. Hilo ndilo tatizo letu." Mzee Fanuel akavaa kofia yake akatoka. Ni mtu mzima, mpole, ananiita binti yangu.

Jumamosi, 19 Julai

Mbio za kwanza, kijiji cha Nkoamringa. Kitu hakiko sawa.

Nilikuwa kwenye mstari wa kumalizia na medali shingoni kama muuza shanga. Ukungu ulikuwa mzito, ukinyoosha mkono huoni vidole. Taarifa za simu kutoka kituo cha maji cha kwanza zilisema Bariki na mwenzake wanaongoza kwa mbali, wa tatu ni kijana asiyejulikana. Tukajiandaa kumpokea Bariki.

Aliyetoka kwenye ukungu ni yule kijana. Anaitwa Lerionka, Mwarusha wa upande wa Oldonyo Sambu, mrefu, kimya. Tulisubiri mpaka nikaanza kusikia baridi ya miguu ndipo Bariki na mwenzake wakatokea, wamechafuka tope hadi mapajani. Lerionka viatu vyake vilikuwa vikavu.

Vikavu! Na njia ni moja.

Wakampa Lerionka kipaza sauti. Akasema, "Asante." Akakirudisha. Nelson alipiga makofi kuliko wote.

Bariki alikuwa ameinama, mikono magotini. "Leo nimekimbia zaidi ya umbali wa mbio," akasema. Nikajisemea, aliyeshindwa hakosi la kusema.

Jumatano, 23 Julai

Lerionka amekuja ofisini kupiga picha za matangazo. Nikampa chai, nikamwuliza kama mtu anayepiga soga, ulipitia wapi?

"Nilifuata mshale."

"Wenzako walichafuka sana."

"Mimi sikukutana na tope, dada."

"Njia ni moja, Lerionka."

Akanitazama, kisha akatazama viatu vyake, kisha mimi tena. Alielewa ninachomaanisha. Akaiacha chai nusu.

Mtu asiye na kosa angekasirika. Yeye alinyamaza. Naliandika hilo.

Jumanne, 29 Julai

Mzee Fanuel amenipa lifti mpaka nyumbani Levolosi. Nikamweleza shaka yangu, kwamba nadhani Lerionka kuna mahali alikata njia ndani ya ukungu, pengine kuna mtu alimsubiri na pikipiki. Mzee alibadili gia. Halafu akashusha pumzi ndefu.

"Inawezekana, binti yangu," akasema. "Inawezekana kabisa."

Nimefurahi kwamba kuna mtu mzima anayeona ninachokiona.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwambia Mama wakati anakaanga vitumbua. Alivigeuza vyote kwanza.

"Unamshuku kwa sababu ameiba, au kwa sababu humjui?"

"Mama, viatu vilikuwa vikavu."

"Basi umeona viatu. Mtu bado hujamwona."

Mama hana habari na michezo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Ofisi imefungwa. Nimefua.

Jumatano, 13 Agosti

Bariki amepiga simu ofisini kuuliza gari la wagonjwa. Nelson akanipa ishara niseme hayupo. Nikasema hayupo, naye amekaa mbele yangu anakula korosho.

Nimemwomba Mzee Fanuel anipange kituo cha maji cha juu kwenye mbio za Jumamosi badala ya mstari wa kumalizia. Sikumwambia kwa nini. Nataka kumkamata Lerionka kwa macho yangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nisipoandika leo nitaanza kujidanganya.

Kituo chetu kilikuwa mwisho wa mashamba ya migomba, msitu unapoanzia. Niliwaachia vikombe wasichana wa kwaya wanaojitolea, nikapanda na njia taratibu mpaka nikafika njia panda. Kushoto njia inapanda kuelekea mfereji wa zamani wa maji. Kulia inashuka darajani. Kibao cha mshale kilikuwa kimesimikwa katikati. Nikapanda tuta lililo nyuma yake, nikakaa chini ya mti wa mringaringa. Kutoka pale niliuona mgongo wa kibao, si uso wake.

Nikasikia miguu. Bariki akatokea, peke yake, anapumua kama mtu anayekwenda dukani. Akatazama kibao, akashika kushoto, ukungu ukamfunika.

Muda si muda migomba ikatikisika na Mzee Fanuel akatoka humo. Akaking'oa kibao, akakisimika upya, akakigonga kwa jiwe, akashuka haraka alikotoka. Nikadhani kilikuwa kimelegea. Hata nilijisemea, mzee huyu anaipenda kazi yake.

Kisha akaja Lerionka. Akatazama kibao, akashika kulia.

Niliruka pale nilipokaa. Nimemkamata! Bariki kaenda kushoto, huyu kaenda kulia, mwizi ni huyu! Nikampigia Nelson nikihema, nikamweleza.

"Salha, wewe uko wapi?"

"Njia panda, juu ya kituo."

"Nani kakutuma huko?" Sauti haikuwa ile ya kila siku. "Usimwambie mtu. Rudi kituoni kwako."

Sikurudi. Nilishuka hadi barabarani, nikapanda bodaboda hadi uwanja wa kanisa wa Nkoamringa, kwenye mstari wa kumalizia. Lerionka alikuwa ameshavishwa medali. Ndiyo kwanza amesema asante yake. Nikaenda mbele ya watu wote, mbele ya wafadhili na watoto wa shule ya Jumapili, nikasema kwa sauti kwamba huyu amekata njia na mimi nimemwona.

Lerionka alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, mlimani.

"Bariki yuko wapi?"

"Usibadilishe mazungumzo," nikamwambia.

"Dada, Bariki alikuwa mbele yangu. Nilikuwa nasikia miguu yake. Halafu sikuisikia tena." Akageuka kwa watu. "Kuna aliyemwona Bariki akifika?"

Hakuna aliyemwona. Wa pili alikuwa ameshafika, na wa tatu. Mke wa Bariki, Ruth, alikuwa amesimama karibu na meza ya medali na koti la mumewe mkononi. Akaanza kuuliza mtu mmoja mmoja, kwa adabu, kama anayeomba njia. Alipomfikia Nelson, Nelson alikuwa anazungumza na simu.

Lerionka akavua medali, akaiweka mezani, akarudi mlimani akikimbia. Kilima kilekile alichotoka kukishuka.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mikaeli, akaagiza kengele ya kanisa ipigwe. Watu wakatoka majumbani na mapanga na kamba, tukapanda wote. Nikawaonyesha njia panda. Kibao kilielekea kulia. Nikasema hapana, Bariki alipita kushoto, nilimwona. Mzee Mikaeli akanitazama vibaya. "Alipitaje kushoto na mshale unasema kulia?" Ndiyo kwanza swali lilikuwa linanifikia.

Lerionka ndiye aliyemsikia, kwa sababu Bariki alikuwa anaimba. Hakuwa na nguvu ya kupiga kelele, akaimba besi ya wimbo wa kwaya, tena na tena, chini kwenye korongo ambako ukingo wa mfereji ulikuwa umebomoka. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Walikata miti miwili, wakafunga shuka la Lerionka, ikawa machela. Gari la wagonjwa halikuwepo. Tulisimamisha pikapu ya maziwa. Ruth alipanda nyuma, akakiweka kichwa cha mumewe mapajani, katikati ya madumu.

Jumapili, 17 Agosti

Nilikwenda hospitali. Mzee Fanuel alikuwa amenitangulia, amesimama miguuni pa kitanda na mfuko wa machungwa.

Bariki amefungwa mguu hadi kiunoni. Daktari amesema kutembea atatembea. Kukimbia, hakusema.

"Mshale ulielekea kushoto," Bariki akaniambia, wala sikuwa nimemwuliza. "Nilisimama nikautazama. Kushoto. Na ule wa Julai ulituzungusha hivyohivyo, tukaogelea tope."

"Ukungu, baba," Mzee Fanuel akasema taratibu. "Ukungu unadanganya macho."

Nikamtazama Mzee Fanuel. Akaanza kuyapanga machungwa juu ya kabati, moja moja.

Nikaona migomba ikitikisika. Nikaona kibao kinang'olewa. Viatu vya Lerionka vilikuwa vikavu kwa sababu yeye ndiye aliyepita njia ya kweli. Wenzake ndio waliozungushwa. Na mimi nilikuwa nimekaa pale juu, nimeyafumbua macho kwa nguvu zote, namtazama mtu mwingine.

Nilitoka nje bila kuaga.

Jumatatu, 18 Agosti

Nelson ameniita kwenye chumba chake cha kazi akafunga mlango. Akanimiminia chai mwenyewe.

"Salha, jana na juzi zilikuwa ngumu. Nataka tuelewane. Ulichokiona pale ni mzee anarekebisha kibao kilicholegea. Basi."

Nikaitikia. Nikanywa chai. Nilipofika barabarani ndipo nikasimama ghafla mpaka mama mmoja akanigonga kwa kikapu.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nilimwona Mzee Fanuel.

Alhamisi, 21 Agosti

Nelson amenipa koti jipya la kampuni. Amesema mwakani nikimaliza chuo kuna nafasi ya kudumu. "Watu wenye macho kama yako ni wachache, Salha."

Nimelitundika koti nyuma ya mlango. Mama ameuliza mbona silivai. Nimemwambia linabana.

Jumatano, 27 Agosti

Tumekwenda na Mzee Fanuel kung'oa vibao vilivyobaki, kisha Nelson akatutuma Momela kuangalia uwanja wa mbio za Septemba. Njiani ukungu ukainuka na kwa mara ya kwanza msimu huu nikauona mlima wote, hadi kileleni. Sikuufurahia.

"Mzee, shikamoo," nikasema, ingawa tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba, binti yangu."

"Ulikigeuza kile kibao."

Gari liliyumba kidogo, likanyooka.

"Nilikuwa juu ya tuta, chini ya mringaringa. Nilidhani unakikaza."

Hakukana. Ningekuwa na nafuu kama angekana. Alisema, macho barabarani, "Ilikuwa apoteze muda kidogo tu. Azunguke, arudi, awe wa pili. Mfereji ulikuwa mzima mwezi wa pili, nilipita mwenyewe. Masika yakaula. Sikurudi kutazama."

"Nani alitaka apoteze muda?"

Akawasha redio.

Bariki anauliza gari la wagonjwa. Anayeshinda anashika kipaza sauti. Lerionka akipewa anasema asante na kukaa. Kumbe jibu nililisikia mwezi mmoja na nusu uliopita nikikunja viti, nikaliandika humu kwa mkono wangu, nikageuza ukurasa.

Jumatatu, 1 Septemba

Upepo na vumbi. Nelson ananisindikiza kila mahali. Hata nikienda kununua vocha anasema naye anaelekea huko.

Jumamosi, 6 Septemba

Mkutano Nkoamringa, uwanja wa kanisa. Nelson alikuwa anaomba ruhusa ya kijiji kwa mbio za mwisho, kwa kuwa njia ya kwenda Momela inaanzia pale. Alizungumza vizuri. Alisema ajali ni ajali, akasema ukungu mara nyingi, na mwisho akaahidi gari la wagonjwa. Sasa.

Mzee Mikaeli akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nilinyanyuka kabla miguu haijakubali.

"Shikamooni wazee. Kibao kiligeuzwa. Nilimwona aliyekigeuza, ni Mzee Fanuel, na ninaamini alitumwa."

Minong'ono. Nelson hakupandisha sauti, alitabasamu kwa huzuni. "Wazee wangu, binti huyu yuko mafunzoni. Mnakumbuka siku ileile alisimama hapahapa akamwita Lerionka mwizi? Leo mwizi amekuwa Mzee Fanuel. Kesho atakuwa mchungaji."

Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

"Fanuel," Mzee Mikaeli akasema. "Umesikia. Ni kweli?"

Mzee Fanuel alikuwa anaizungusha kofia mikononi. Akanitazama, akamtazama Nelson, akatazama chini.

"Mimi nilisimika vibao vyangu vizuri," akasema.

Nikakaa.

Ndipo Lerionka akasimama. Sikujua kama yupo. Alizungumza polepole, anatafuta kila neno la Kiswahili mahali lilipo. "Huyu dada amenitukana mbele yenu. Sijasahau. Lakini mimi nilikuwa nasikia miguu ya Bariki mbele yangu, na mshale ulinipeleka kulia. Miguu ya mtu mmoja haiwezi kupita njia mbili. Kuna mtu aliugeuza. Sijui nani. Najua tu kwamba sikumshinda Bariki, mwezi wa saba wala wa nane." Akaweka medali zote mbili mezani mbele ya mwenyekiti. Akaketi.

Mzee Mikaeli alizigeuza medali moja moja. "Sisi si mahakama," akasema mwisho. "Lakini kijiji ni chetu. Mbio za njia ya siri hazitapita hapa tena."

Jumanne, 9 Septemba

Nelson amemaliza mafunzo yangu. Amenipa alama za chini kabisa: si mwaminifu, hafuati maelekezo. La pili ni kweli.

Mwalimu Angel alikuja Arusha nikamsimulia yote, tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Ushahidi wako ni nini?"

"Macho yangu, mwalimu."

"Macho hayohayo yaliyomwona Lerionka akikata njia?"

Sikukasirika. Ndilo swali ambalo mimi ningeuliza. Alisema atafikisha suala hili kwa wanaohusika na riadha mkoani, lakini bila Fanuel kusema halitafika mbali. Mafunzo nitarudia mwakani.

Koti nimeliacha kwenye kiti cha mapokezi.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo zingekuwa mbio za tatu. Nilikwenda kwa Bariki. Amekaa uani, mguu juu ya kigoda, anachambua maharage na Ruth. Lerionka alikuwepo. Anakuja kumsaidia shamba, amelala kwao siku kadhaa. Nikamwomba radhi mbele ya wenyeji, kama nilivyomtukana mbele ya watu.

"Nimesikia," akasema. Hakusema amesamehe. Akanisogezea ungo, nikachambua nao.

Ruth aliniuliza jambo moja tu: Fanuel anaendeleaje? Nilishangaa. Akasema ni mshirika mwenzao na tangu siku ile hajaonekana ibadani.

Ijumaa, 26 Septemba

Asubuhi nilikuwa natoka dukani Levolosi na unga wa Mama, nikakutana na Mzee Fanuel uso kwa uso. Amekonda. Nilisita kumwamkia, kisha nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu." Alisimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. "Nimeacha kazi kule."

Nikahamishia unga mkono mwingine.

"Naelekea Nkoamringa. Nakwenda kwa Bariki. Nitamwambia mwenyewe, na aliyenituma nitamtaja."

Nilimtazama akitokomea kwenye kona. Alikuwa anatembea upande wa stendi, lakini upande ule kuna pia soko, na nyumba ya dada yake, na sehemu elfu moja ambako mtu anaweza kwenda akabadili mawazo. Msimu mzima umenifundisha kutoamini. Nimekaa hadi baada ya swala ya adhuhuri, nikashindwa kuvumilia, nikampigia Ruth.

"Mama, samahani. Mzee Fanuel amefika hapo?"

"Amefika," Ruth akasema kwa sauti ya chini. "Yupo uani na Bariki. Nimewapa chai, wote wawili hawajaigusa."

"Amesema nini?"

"Bado. Ngoja." Nikasikia kiti kikiburutwa, kuku, na mtu akikohoa. "Ndiyo anaanza."